Tai wa Vichwa Viwili Chumbani kwa Mama Desanka

…na mikono bado iko hewani, vidole gumba vimeshikana, vingine vimetanuka na vinapepea kama mbawa, glavu za buluu, tai wa buluu, Mungu wangu, Kiptoo, mwanamume mzima wa miaka hamsini na kitu, aproni ya njano, barakoa, kioo cha plastiki usoni, na unamrushia tai wa Waalbania bibi kizee wa Kiserbia aliyelala kitandani, shusha mikono, shusha polepole kama mtu anayejinyoosha, jifanye unajikuna kifua, lakini ameona, macho yale ya kijivu yameona, na ule mdomo ambao naapa ulikuwa umeanza kulegea umejifunga kama mlango wa benki siku ya wizi, na mimi nilikuwa nimetoka tu kujigamba pale koridoni, katika nyumba hii ya wazee, Chibalonza, muuguzi wetu wa zamu, aliponiambia mama wa chumba cha mwisho hajaonja kitu tangu jana jioni, na kwamba kwao ni Kosovo, Kosovo! nikasema, dada, huyo niachie mimi, Kosovo nimekaa mwaka mzima, polisi wa Umoja wa Mataifa, bereti ya buluu, gari jeupe, wale watu nawajua nje ndani, na Chibalonza akanitazama kama anavyonitazama kila nikianza hadithi za safari zangu, yaani kama mtu anayesubiri basi, na nikavaa aproni nikaingia kwa mbwembwe, nikamwambia bibi mimi nimewahi kuwa polisi kule kwenu, Peja, nikasema Peja, hata jina la mji nikalichagua la upande wa pili, la Kialbania, halafu nikakunja mikono, kwa sababu kumbe hilo ndilo jambo pekee mwili wangu ulilokumbuka, watoto wa barabara ile mwaka elfu mbili na moja wakikimbia kando ya gari letu, mikono imepandana kifuani, tai, tai, tai wa vichwa viwili, na sisi Wakenya tukiwarudishia tai madirishani, kwani nani atamkatalia mtoto anayempungia, na hakuna aliyetuambia kwamba ndege yule ana upande, au walituambia siku ya mafunzo na mimi nilikuwa nimesinzia, yote yanawezekana…

chukua kijiko, kazi hapa ni kijiko, supu ya malenge, na mkate laini umekatwa vipande, "Mama Desanka, kidogo tu, kwa ajili yangu," nasema kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya asali tunayofundishwa, sauti ambayo nikimsemesha nayo mke wangu Wanjugu atapiga simu polisi, na kijiko kinafika mbele ya mdomo na kusimama hapo, na midomo myembamba imekazwa, hatazami kijiko, hanitazami mimi, anatazama dari, ngozi ya shavu lake ni nyepesi kama karatasi ya kufungia mkate, kisogoni nywele nyeupe zimesukwa msuko mmoja mwembamba, Fébronie huyo, Fébronie ndiye mwenye chumba hiki siku zote na ndiye humsuka, lakini mtoto wa Fébronie amekaa karibu na mtoto mwenye virusi vya korona na nyumba yao nzima imefungiwa, ndiyo maana nimehamishwa huku leo asubuhi, mgeni mbele ya mgeni, na mgeni mwenyewe anaingia na ndege wa maadui, "sorry, Mama," nasema, "nilikosea, sikufikiri," na mdomo haujongei, televisheni ya chumba cha jirani inasoma hesabu za leo za Sydney, wagonjwa wapya Blacktown, wagonjwa wapya Bankstown, kila siku saa tano tunasomewa kama matokeo ya mtihani ambao mtaa wetu umeanguka tena, na helikopta ya polisi inazunguka juu kuhakikisha hatujatoka nje kuanguka zaidi…

"Papa Jerotich!" huyo ni Chibalonza mlangoni, huniita kwa jina la binti yangu, haingii kwa sababu hana aproni, "alikula?"

"Bado, dada, tunazoeana kwanza."

"Kuzoeana? Docteur atapiga simu saa saba, papa, mama anapashwa kula, na weye uko unamuchekesha tu."

…laiti ningekuwa namchekesha, dada, laiti, na amekwenda, viatu vyake vinalia koridoni, kwi kwi kwi, na najua anachokwenda kukifanya, anakwenda kumpigia tena Zoran, mtoto wa huyu mama, ambaye amefungiwa Bankstown na haruhusiwi kuvuka kuja huku, na ambaye asubuhi alilia kwenye simu, mwanamume mwenye sauti ya trekta, akisema tafadhali msimpeleke hospitali, tafadhali, mama yangu akiogopa Kiingereza kinamkimbia, kinatoka chote, anabaki na Kiserbia peke yake, mkimwingiza kwenye ambulensi na watu wasio na nyuso mpaka Westmead atadhani anafukuzwa tena kama alivyofukuzwa kwao, na mimi sitakuwepo kumwambia hafukuzwi, sitaruhusiwa hata kusimama mlangoni, na daktari si mtu mbaya, daktari atauliza tu, amekula? amekunywa? na jibu likiwa hapana basi ni hapana, mtu wa miaka themanini na tano hawezi kukauka mikononi mwetu, kwa hiyo kati ya huyu mama na gari lile kuna kijiko, na nyuma ya kijiko kuna mimi, na mimi nimeleta tai, na la kuchekesha, kama kuna wa kucheka, ni kwamba Waserbia nao wana tai, tai wa vichwa viwili yuleyule, wa kwao mweupe, wa wenzao mweusi, hata ndege mwenyewe wanamgombania, na ile milima iliyosimama juu ya mji, kila upande ukiniambia jina lake kwa lugha yake nilikuwa nauliza maana, na maana ni moja, Milima Iliyolaaniwa, hilo ndilo walilokubaliana bila mkutano wowote…

na Mzee Bajram, Mwalbania wa Peja, nilikuwa sijamkumbuka Mzee Bajram miaka mingi, alinishika mkono wa shati siku ya kwanza ya doria, kofia nyeupe ya sufu kichwani, akanivuta hadi kwenye nyumba yake isiyo na paa, akanionyesha kisima, kupitia mkalimani akasema ndugu yangu alitolewa humu, wakati wa vita, tuliporudi kutoka ng'ambo ya milima tulimkuta humu, na mimi nikavua bereti, na nilipodhani ataendelea na habari za ndugu yake akaruka miaka elfu mbili kwa pumzi moja, sisi ni Wailiria, akasema, tulikuwa hapa kabla ya Warumi, wale Waserbia walishuka juzi tu kutoka kaskazini, kabla, akasema, mwambie huyu askari aandike, tulikuwa hapa kabla, na nikaandika, na wiki hiyohiyo nikawa zamu kwenye ile nyumba ya watawa chini ya bonde, na mtawa mmoja mzee wa Kiserbia akanimiminia kikombe kidogo cha pombe ya plamu iliyonichoma hadi masikioni, akaniinulia taa ukutani nione watakatifu waliochorwa, macho yao makubwa, akasema watakatifu hawa wako hapa miaka mia saba, wao wanionyeshe nini cha miaka mia saba, na akanihadithia vita vya mwaka elfu moja mia tatu themanini na tisa kana kwamba vilipiganwa wiki jana, mfalme wao kafa, sultani wa Waturuki kafa, na nyumba za jamaa zake zilizochomwa majuzi, baada ya vita, akazitaja mwisho kabisa, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona haya kuleta jambo dogo mbele ya jambo kubwa, na nikaandika, mlalamikaji anasema alikuwa hapa kabla, mlalamikiwa naye anasema alikuwa hapa kabla, na mkubwa wangu, Mholanzi mmoja mrefu, akanirudishia ripoti akisema Kiptoo, hii haina tukio…

haina tukio, na mimi nikacheka, nikasimulia hiyo ripoti katika baa za nchi ngapi, watu wakacheka, ni hadithi nzuri, ina Mholanzi ndani, sikuwahi kuwaambia kwamba nilielewa kila neno la wazee wale hata kabla mkalimani hajafungua kinywa, kwa sababu mimi nimelelewa na sauti hizohizo, baba yangu mdogo kule kwetu Londiani akinyoosha fimbo kuelekea Burnt Forest, hapo palikuwa petu kabla mzungu hajaweka seng'enge, na baba mkwe wangu, Mkikuyu, ndani ya seng'enge hiyohiyo, mzungu aliuza sisi tukanunua, kaburi la mtoto wangu liko pale kwenye mkalitusi, nani ataniambia mimi mgeni, na wote wawili wakisema kweli, hilo ndilo linalouma, hakuna aliyekuwa anadanganya, na mimi katikati ya meza nikila kuku wa huku na kuku wa kule, nikitoa mizaha, mkwe mcheshi, kila ukoo na mcheshi wake, "Mama Desanka, tuchovye mkate? mkate na supu?" kijiko kimerudi kwenye bakuli na kimerudi tena hewani, mkono umeanza kuchoka, na hapa pia, hapa Sydney, manija wetu hawezi kufungua kikao cha glavu na vitakasa mikono bila kwanza kuwatambua wenyeji wa asili wa ardhi hii, Wadharug, wazee wao waliotangulia na walioko, tunainamisha vichwa kwenye skrini, halafu anasema sasa ajenda ya kwanza, na mara ya kwanza niliona ni maajabu, nchi inayotaja mwenye shamba kila asubuhi na kuendelea kulilima, na binti yangu Jerotich, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hunijibu kwa Kiingereza, alisikia kikao hicho jikoni siku moja, akaniuliza, kwa hiyo Baba, sasa sisi ndio walowezi? na nikamwambia maliza chai yako, ndivyo nilivyomjibu mtoto, polisi wa Umoja wa Mataifa, maliza chai yako, na Chibalonza naye tukiwa mapumzikoni huniambia kule kwao Kivu kila mwenye bunduki iko na histoire yake, na mimi hucheka, ninacheka sana mimi, mtu akifungua mlango wa jambo kama hilo mimi huwa nimeshakaa kizingitini na kichekesho…

lakini ule mdomo, huo mdomo uliofungwa, nimewahi kuuona, si Kosovo, nimeuona Nakuru, uwanja wa maonyesho, Februari ya elfu mbili na nane, baada ya ghasia za uchaguzi, mahema meupe mpaka kwenye ua, na ndani ya hema moja mama yake Wanjugu, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyumba ya Burnt Forest imechomwa na vijana wanaosema lugha yangu, na mimi natoka Nairobi na mke wangu kwenda kumwona, na njiani nawaza mkwe haendi mikono mitupu, napitiliza kwanza hadi Londiani kwa mama yangu, mama yangu analia, ananipa alicho nacho, kibuyu cha mursik, maziwa ya kwetu yaliyolala na majivu, kibuyu chenye ngozi na shanga mtu yeyote wa upande ule anakijua akiwa ng'ambo ya barabara, na nikapita nacho katikati ya mahema, nimekibeba kwapani kama bendera, Kiptoo, kupita watu waliochomewa nyumba juzi, na nilisikia wanawake wakinyamaza mmoja baada ya mwingine kama taa zinazozimwa, na mama mkwe akakipokea kwa mikono miwili, adabu haikumwacha hata pale, asante baba, akakiweka chini, hakukifungua, na mimi badala ya kuacha nikamimina kikombeni, nikamnyooshea, na huku naeleza, mama amelia sana, binamu zangu hawakuwepo, si sisi sote, wazee wanasikitika, kuna historia hapa mama, wakoloni ndio walioanza, naeleza, naeleza, na midomo yake imekazwa hivi, hivihivi, na anatazama juu, kitambaa cha hema, na jirani ana redio, na redio inasema nchi mpya imezaliwa Ulaya jana, Kosovo imetangaza uhuru, Waserbia wanakataa, na nikashtuka nikataka kusema hata pale nilikuwepo! mbele ya mahema hayo, kikombe mkononi, nilitaka kusimulia safari…

na Wanjugu akaninyang'anya kikombe, hakuninyang'anya kwa ugomvi, alikichukua tu, akayanywa maziwa yote amesimama, watu wote wanamwona, binti wa Kikuyu ndani ya kambi ile, akayamaliza, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akachutama mbele ya mama yake na kumwuliza kwa Kikuyu kitu kifupi, nusu ya pumzi, na mama yake akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu afike pale, akavua kiatu, na sikuona vizuri, mguu ulikuwa umefanyaje, Wanjugu aliufunga kwa leso yake, na garini tukirudi, giza la Gilgil, nikamwuliza ulimwuliza nini mama, akasema, nimemwuliza ametembea umbali gani, basi? basi, akasema, tangu afike hakuna mtu aliyemwuliza kitu, Kiptoo, kila anayekuja anamweleza, na akaegemeza kichwa kwenye kioo cha gari akalala, au akajifanya amelala, na mimi nikaendesha, na kwa mara moja katika maisha yangu sikuwa na kichekesho…

"Papa Jerotich, ile supu haiingiake yenyewe mu kinywa!"

"Nakusikia, dada!"

…nakusikia, ninasikia kila kitu, helikopta, viatu, mkokoteni wa dawa, na ninamsikia yeye, pumzi yake fupi, na hebu ngoja, ngoja kwanza, Kiptoo, polisi gani wewe, tangu jana jioni, Chibalonza alisema tangu jana jioni, na jana jioni mimi nilikuwa Mount Druitt nyumbani kwangu nikila ugali, jana jioni hapakuwa na tai chumba hiki, hapakuwa na Peja, alikuwa amefunga mdomo kabla sijaingia, kabla, hilo neno tena, kwa hiyo si tai wangu, mimi si mkubwa kiasi hicho katika historia ya nchi za watu, jambo lilikuwepo kabla yangu, lakini jambo gani, labda ndoto, labda katika usingizi wamemjia, nyumba, moto, basi lililowabeba, Zoran alisema anafukuzwa tena, tena, labda kila usiku anafukuzwa na sisi asubuhi tunamletea uji na kumwambia good morning darling, labda ni kisima, labda kila mtu wa bonde lile ana kisima chake, na mimi nina nini cha kumpa, ripoti? nimekuwa nikitayarisha hotuba tangu mikono ishuke, ninaihisi kooni, mama nawapenda watu wote wa kule, mama pande zote ziliumia, mama hata sisi Kenya, naeleza, naeleza, kwa nini mkono wangu ukishika chakula mdomo wangu huanza kueleza, na yeye ameniacha nieleze kichwani humu dakika zote hizi, kidevu chake kidogo kimeinuka, na sasa naona, kwa kuwa nimenyamaza sasa ndiyo naona, kwamba hana hasira, nimekaa hapa nikimdhania hasira, lakini uso ule hauna hasira, una uchovu, uso wa mtu anayengoja mtu fulani amalize, mama mkwe alikuwa na uso huo, Mzee Bajram alipolitaja lile neno ndugu alikuwa nao, yule mtawa aliposhusha sauti alikuwa nao, na mimi niliandika kabla, kabla, kabla, wala sikuuliza, tone la supu limeanguka kwenye aproni, liache, ninavuta kiti, ninakaa mpaka macho yetu yanalingana, ninainua kioo cha plastiki kidogo, sheria inisamehe, aone angalau kwamba nina macho, na kijiko kiko palepale, hewani, na sijui ni nini kitatoka, nikiuliza nitaletewa mwaka elfu moja mia tatu themanini na tisa wote na farasi wake, nitaletewa na nitausikiliza mpaka saa saba, mpaka kesho, daktari apige, apige tena, safari hii sitaandika, safari hii sina upande wala sina ripoti, nina kiti tu, sawa, sawa mama…

"Mama Desanka," nasema, na sauti inatoka bila asali, sauti yangu ya nyumbani. "Kinakuuma nini?"

Macho ya kijivu yanashuka kutoka dari. Yananitazama muda mrefu, glavu, aproni, mimi mzima.

"Kosovo ni yetu," anasema. "Kinachouma ni haya meno ya bandia, ya chini. Yatoe."